Mazoezi ya Kukataa

Intavyuu yangu ya kwanza Mpanda, ya kazi ya mapokezi kwenye gesti, ilikwisha kabla sijakalia kiti vizuri. Meneja aliniuliza maswali matatu, nikayajibu yote nikiangalia chini, kwa sauti ya mtu anayetubu. Akaniuliza kama naongea na yeye au na viatu vyake. Nilirudi nyumbani Majimoto nimevimba kwa hasira, maana kile alichokiona yeye ni kutojiamini, kwetu ndiyo adabu. Sisi ni Wasukuma, tulikuja huku na ng'ombe wetu mimi nikiwa bado nabebwa mgongoni. Binti akiongea na mkubwa anapiga goti, anashusha macho, na kukataa hakumtoki mdomoni. Ukiombwa kitu usichotaka kutoa unasema tutaangalia, kila mtu anaelewa, maisha yanaendelea.

Kwa hiyo shangazi alipopiga simu kutoka Mpanda kuniambia kuna uwanja wa michezo unafunguliwa, una treni ndogo ya watoto na gurudumu kubwa la kupandisha watu juu, na wanatafuta wasimamizi, nilimwambia asinichoshe. Shangazi hachoki. Alikuwa ameshapiga stori na mlinzi wa pale, anajua kila kitu. Kazi yenyewe ni kusimama mlangoni na fimbo yenye alama. Mtoto asiyefika kwenye alama hapandi, hata baba yake awe nani. Mwenye uwanja hana shida sana na vyeti, shangazi akasema, anatafuta mtu anayeweza kukataa. Usaili ni Jumamosi, saa nane mchana.

Nikajikuta naitaka ile kazi mpaka usingizi unakatika. Nilikuwa na miaka ishirini na mbili, kidato cha nne nimemaliza, na tangu mama atutoke, miaka mitatu nyuma, jiko lilikuwa langu, maziwa yangu, na mazungumzo ya jioni na baba ni mimi. Kaka zangu walishaoa, kila mtu na mji wake. Pale kwetu tulibaki wawili. Nilipomweleza baba aliniuliza ningelala wapi. Nikasema kwa shangazi, Mpanda siyo pa kwenda na kurudi. Akasema sawa, akatoka nje. Baadaye nikamkuta anachonga fimbo.

Asubuhi yake aliichora alama kwa mkaa, akanisimamisha kwenye lango la zizi, akaenda kumleta ndama mmoja aliyezaliwa wiki ile. Akajitambulisha kuwa yeye ni diwani, na huyu ndiye mwanawe wa pekee, anataka kupanda gurudumu. Kumpima ndama nilimpima, hakufika hata nusu ya alama. Lakini baba akakohoa kile kikohozi chake cha kikao, na mimi, jamani, nikapiga goti, nikamwamkia, nikafungua lango.

Baba aliniangalia kwa huruma, akasema tayari nimeshamuua mtoto wa watu.

Wiki nzima tulifanya hivyo baada ya kukamua. Sikuwahi kumjua baba yangu kuwa ni msanii kiasi kile. Alikuja kama mchungaji wa kanisa, akaja kama tajiri wa mpunga, siku moja akajifunga kanga ya marehemu mama akawa bibi anayelia kwamba mjukuu wake amesafiri kutoka Mishamo kwa ajili ya gurudumu tu. Nilicheka mpaka nikakaa chini, na kucheka nako akanihesabia kuwa nimefeli. Nikisema tutaangalia, alikuwa anakasirika kweli. Alisema mjini tutaangalia maana yake ni ndiyo, na mtoto ataanguka huku mimi bado naangalia. Alitaka nimtazame usoni, niseme samahani mzee wangu, haiwezekani, halafu ninyamaze. Nilikuwa naweza kusema, kunyamaza ndiko kulinishinda. Nilikuwa naongeza maelezo, naomba radhi, naeleza tena, mpaka baba mwenyewe ananionea aibu. Alhamisi nilimnyima diwani, mchungaji na tajiri wote, na ndama wetu naye akachoka kusimamishwa akajilalia palepale. Baba alipiga makofi. Nilijisikia vizuri sana.

Jumamosi bodaboda wa kunipeleka stendi alikuja mapema, nikiwa bado nafunga begi. Shangazi alishaniambia nikipata kazi nitaanza Jumatatu, kwa hiyo nilibeba nguo zangu zote nzuri. Baba alikuwa amesimama mlangoni, mkono mmoja ameushika ubao wa mlango. Akasema, "Mwanangu, usiende. Kaa hapa nyumbani."

Nilimtazama usoni moja kwa moja. "Samahani, mzee wangu. Haiwezekani." Nikanyamaza.

 Akaondoa mkono wake nikapita. Pale kwenye pikipiki nilikuwa natabasamu, najipongeza kwamba safari hii sikuongeza hata neno. Tumefika stendi Kibaoni bado natabasamu. Kwenye basi njia nzima nilikuwa nayapanga majibu yangu kichwani, nikayakuta yamekaa vizuri, moyo umetulia kabisa.

Mwenye uwanja alikuwa mama wa makamo, mpole, amekaa kwenye kiti cha plastiki chini ya turubai, nyuma yake mafundi wanafunga taa kwenye gurudumu. Nilimwamkia bila kupiga goti. Akaangalia cheti changu haraka tu, akakiweka pembeni, akasema ana swali moja. Je, nimewahi kumkatalia mtu ninayemheshimu?

Nilikuwa nalo jibu. Nilifungua mdomo nimweleze habari ya ndama na diwani, acheke kidogo. Hapo ndipo nikaiona ile sura ya baba mlangoni. Hakuwa ameigiza sauti ya mtu yeyote. Hakusema nimefaulu. Machozi yalinijaa pale pale mbele ya yule mama, sikuweza kuyazuia.

"Ndiyo," nikasema. "Leo asubuhi. Baba yangu."

Akaniuliza kwa upole baba alikuwa anaomba nini.

"Alikuwa ananiomba nisije hapa."