Somo wa Raudha

Kuna methali moja ambayo Mwantumu wa Nanganga ameisikia hadi inamtia kichefuchefu: mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Amepigwa nayo kisimani, kwenye shamba la ufuta, hata msibani, na watu ambao watoto wao wanaiba korosho mchana kweupe. Binti yake Raudha hatulii. Ukimtuma chumvi anarudi na kinda la njiwa, na chumvi ameisahau. Mama mkwe alisema ni mapepo. Mume alisema ni ukoo wa mkewe, kisha akaenda zake kunywa kahawa. Wanaume wa namna hii wanatia kinyaa, lakini tuwaache, leo si zamu yao.

Ni daktari wa Nachingwea aliyemweleza kuwa hali hiyo inaitwa ADHD, kwamba si jeuri wala malezi mabaya, akamwelekeza kwenye kikundi cha wazazi wenye watoto kama wake. Huko Mwantumu alilia, akacheka, akajifunza kumpa mtoto agizo mojamoja. Mwenyekiti, Zulfa, naye alikuwa na binti wa hali hiyo, Ashura, na alikuwa na maneno matamu. "Mtoto hafungwi, jamani," alikuwa akisema kila wakikutana. "Anayefungwa ni mbuzi." Mwantumu alimwamini kuliko dada zake wa tumbo moja.

Basi unyago ulipofika, na kwa kuwa mama mzazi haingii ndani kumlea mwali wake, alimwomba Zulfa awe somo wa Raudha, wa kumfunda na kukaa naye ndani. Zulfa akaja Nanganga pamoja na Ashura. Wahenga walisema mchawi mpe mtoto akulelee. Labda walijua mchawi hana uenyekiti wa kulinda.

Siku ya kuwatoa wali, mabinti waliketishwa mkekani vichwa chini, ngoma zikilia, wanawake wakiwatunza. Raudha alitulia kuliko wote. Majirani wale wale wa methali wakaanza kumpongeza mama yake, bila haya. Mwantumu alifurahi, tena sana, mpaka alipoona machozi ya mtoto yakidondoka mkekani. Akainua pindo la khanga. Miguu ya Raudha ilikuwa imefungwa kwa kipande cha kitenge, kimekazwa hadi vifundo vimevimba.

"Mama Ashura, nani kafanya hivi?"

"Punguza sauti, shoga. Nimekufichia aibu. Na kikundi je? Watu wangesema tunakutana kunywa chai tu."

"Si wewe uliyetuambia mtoto hafungwi?"

"Siku moja tu, mama Raudha. Siku moja haiui."

Alisema hivyo huku akitabasamu kwa ajili ya wageni, na tabasamu lile lilichukiza kuliko fundo lenyewe. Mwantumu alilifungua kwa meno, akamtupia kitambaa kifuani. Zulfa akakidaka. Ngoma zikanyamaza.

Ashura, aliyekuwa akirukaruka nyuma ya mama yake tangu asubuhi, akakiona kile kitambaa mkononi mwa Zulfa. Hakuna aliyemwambia kitu. Akaketi vumbini, akabana miguu, akainamisha kichwa.

"Inuka, Ashura," Zulfa alisema, macho yakimtoka. "Inuka, watu wanatuangalia."

Mtoto hakuinuka. Alimsogezea mama yake miguu, akangoja afungwe.