Viwango vya Tahadhari na Mzee wa Thornhill

Nilipoajiriwa na kampuni moja hapa Toronto, nilikabidhiwa kazi ambayo hakuna aliyeitaka: kuangalia hifadhi ya data ya seva pepe. Hizo ni kompyuta nyingi za kubuni zinazoishi ndani ya mashine chache na kugawana hifadhi moja. Hifadhi ikichelewa kujibu, zote hukwama. Aliyenitangulia aliziwekea zote kiwango kimoja cha tahadhari: jibu likizidi milisekunde ishirini, simu inalia. Ililia asubuhi, ikalia mchana, ikalia kanisani kwetu Etobicoke pasta akiomba. Mwishowe nikawa hata siisomi.

Jirani yangu ofisini alikuwa mzee wa Kihindi, mpole, tuliyesalimiana naye kwa Kiingereza tu. Siku moja simu zetu zililia pamoja, maana tahadhari hizo zilimfikia yeye pia, akanung'unika kwa Kiswahili, "Makelele haya yatatumaliza."

Niligeuka, nikamuuliza kwa lugha hiyohiyo ametokea wapi. Alicheka mpaka akavua miwani. Kumbe alizaliwa Tanga, na sasa anaishi Thornhill, kaskazini mwa jiji, ambako Kiswahili hukizungumza na mkewe na wazee wenzake msikitini.

Tangu hapo nikawa nawahi kazini kwa furaha. Alishauri tusiguse kiwango chochote kabla ya kuzitazama seva zinavyoishi, tukashinda mbele ya grafu tukibishana kwa Kiswahili. Seva ya mishahara huelemewa kila mwisho wa mwezi. Ndiyo kawaida yake. Ya nakala rudufu huchapa kazi alfajiri, na hakuna anayeisubiri. Ya wateja ndiyo haikupaswa kuzembea. Mimi nilitaka hiyo ilie kila ikichelewa.

"Dada, mtu akikohoa mara moja humkimbizi hospitali," akasema. "Ngoja akohoe dakika tano mfululizo."

"Mzee wangu, dakika tano mteja ameshahama."

Akafikiri, akakiri kwamba hapo nimemshinda. Tukakubaliana dakika mbili, na kila seva ikapata kiwango chake.

Meneja aliogopa ukimya, ila akaturuhusu tujaribu. Simu ikanyamaza hivi kwamba nikawa naikagua kama ina mtandao. Kisha Alhamisi moja, tukila chakula cha mchana, ikalia. Tulisimama wote wawili. Kuna mtu alikuwa ameanzisha seva ya majaribio, nayo ilikuwa ikiihemesha hifadhi ya wateja. Tukaihamishia kwingine kabla hata mteja mmoja hajalalamika. Mzee alininyooshea ngumi tugonge, kama kijana.

Jumamosi hiyo alitualika kwake. Mkewe alitupikia mihogo ya nazi, akamwambia mume wangu, mtu wa Nakuru, kwamba Kiswahili chake kinahitaji fundi. Mume wangu akakubali na kuomba aongezewe mihogo. Tulirudi Etobicoke tumeshiba, nimepakata chupa ya achari ya embe, na gari zima linanukia.