Asubuhi Nilizoacha Kuadhini

Katika miaka ile ya tisini, ukungu ulipanda kutoka bwawani kabla ya alfajiri ukayafunika mabati ya Mashimoni, hata ukisimama mlangoni huuoni mlango wa jirani. Nilikuwa muadhini wa msikiti wetu mdogo pale Kibera. Kila siku nilipita katika ukungu huo, nikawasha kipaza sauti cha betri, nikaita.

Niliipenda sauti yangu. Hilo ndilo lililonisumbua. Tangu utoto nilifundishwa katika chuo cha Kurani kwamba riya, yaani kuabudu ili watu wakuone, huila ibada kutoka ndani. Nami nilipofika pale pa kuwaita watu waje kwenye swala, nilikuwa nikijisikiliza. Nilivuta neno kidogo, nikiwaza ni nani huko gizani limemgusa. Nikaogopa kwamba nitasimama mbele ya Mola sina hata adhana moja iliyokuwa Yake.

Basi nikapigana. Nilifunga Jumatatu na Alhamisi. Niliadhini kwa sauti kavu makusudi, na nilipomaliza nikajikuta nimefurahi: tazama mtu huyu alivyo mnyenyekevu! Nikimfukuza mwenye majivuno mmoja kifuani, mwingine alikuwa ameshakaa mahali pake, ana uso wangu.

Nilipochoka nilikwenda kwa mwalimu wangu wa zamani, aliyekuwa na kiduka cha misumari na rangi kwenye kituo cha Kawangware 56. Nilimweleza yote huku akimpimia mteja.

"Yupo mwingine anayejua kuadhini?" akauliza.

"Yupo fundi cherehani."

"Mwachie. Wewe lala."

"Nilale, sheikh?"

"Ulale mpaka uisikie, kisha uamke uje uswali kama wengine. Hebu shika hiyo karatasi, misumari inamwagika."

Nilirudi nimeudhika kidogo. Nilikuwa nimetaka anipe uradi mgumu, dua za kukariri usiku kucha.

Lakini nilitii. Asubuhi ya kwanza nililala macho, blanketi hadi kidevuni, na adhana ikaja. Sikusikia ilipoanzia. Ilikuwa tayari imo chumbani, katika mabati, katika sufuria zilizopangwa, katika kikohozi cha mtu upande wa pili wa ukuta. Kwa muda sikujua kama niko macho au naota, wala kama anayesikiliza ni mimi au ni chumba. Nikaamka, nikatawadha, nikasimama safu ya nyuma.

Hata hivyo, moyo haukutulia. Ndugu wa msikitini walijua kwa nini nimekaa kando. Lakini wale wa gizani je? Siku zikapita, hakuna aliyeuliza. Mwishowe nikamwendea mama mmoja Mluhya aliyeuza uji na mandazi kando ya ukuta wetu.

"Mama, hujasikia mabadiliko siku hizi?"

"Mabadiliko gani, mzee? Unga imepanda tena?"

"Adhana, mama. Siyo mimi ninayeita."

Akaacha kugeuza mandazi. "Kwani ilikuwa wewe?"

"Miaka yote hii."

"Aki mzee! Mimi nilikuwa najua ni kaseti. Nikisikia hiyo kitu nawasha jiko, sijawahi uliza ni nani." Akamgeukia mjenzi aliyekuwa akinywa uji. "Umesikia? Ati huyu mzee ndiye alikuwa kaseti!"

"Saidi A ama saidi B?" akauliza yule mjenzi, bila kuinua macho kutoka kikombeni.

Nilicheka mpaka nikakalia debe lake la maji. Miaka yote nilikuwa nikipigana na mtu ambaye hata jirani wa ukutani hakujua kwamba yupo. Mama wa uji alipata alichohitaji: aliamka, jiko likawaka, watu wakala. Akanipa andazi, akakataa nilipe. "Ya kaseti," akasema.

Baadaye fundi cherehani aliomba tupokezane, nami nikakubali bila kumuuliza mtu. Niliita nilipofikiwa na zamu, nikalala siku ambazo si zangu. Mawazo yale yalikuja bado. Sikuyafukuza; yalipita kama wapita njia wengine.

Sasa mimi ni mzee kweli, ninaishi Kabiro kwa binti yangu. Mara nyingi, baada ya swala ya alasiri, asubuhi zile hunijia nikiwa nimekaa: ukungu, mabati, na sauti ikipita juu yake. Nikisikiliza vizuri nashindwa kujua ipi ilikuwa yangu na ipi ya fundi cherehani. Ninasema alhamdulillahi kwa zote.