Mpanga vijiwe wa El Jem aliyekataa sakafu ya kuazima

Saa mbili asubuhi, El Jem, Tunisia. Bi Mannubia Jlassi anakunja mikono ya gauni lake, anapiga bismillahi na kushika ukingo wa ubao. Wanawake wenzake wanne wanashika upande wa pili.

"Moja, mbili, pindua! Taratibu jamani, si godoro hilo!"

Ubao unageuka, lakini picha bado haionekani. Imefunikwa na kitambaa kilichogandishwa kwa gundi ya unga. Wapanga mozaiki wa hapa hubandika vijiwe kifudifudi juu ya kitambaa hicho, kisha humwaga saruji kwa nyuma. Fundi huiona kazi yake siku ileile na mteja.

Leo mteja yupo. Bwana Sufyan Shaari, mwenye nyumba ya wageni huko Mahdia, anataka sakafu ya ukumbi wa mita za mraba arobaini. Simu yake ina picha aliyoitaka: farasi wa majini wenye mikia ya samaki, weusi juu ya vijiwe vyeupe, kama sakafu za kale za Italia. Alichotengenezewa sicho.

"Nilimwambia aje aone sampuli yangu kwanza. Akiikataa, basi," anasema Mannubia.

Hiyo 'basi' maana yake karakana inafungwa. Tangu majira ya baridi wameuza vibao vidogo vya ukumbusho tu, na mwezi uliopita kila mmoja aliambulia dinari mia mbili na themanini. "Tutarudi kuchuma zeituni za watu. Na mgongo wangu na mzeituni tulishapeana talaka."

Ana miaka hamsini na miwili, na thelathini na mmoja kati yake ameipitisha akiwa amepiga magoti. Alifundishwa na baba yake, fundi wa kukarabati sakafu za kale. Kazi yake ya kwanza ilikuwa mwindaji mwenye mkuki. Alisahau kwamba picha itageuka, mwindaji akatoka ana shoto. "Baba alicheka mpaka akakaa chini. Akasema, basi tumsubiri mteja mwenye shoto."

Kwa baba huyo alijifunza pia kuitambua sakafu ilikotoka. "Italia walipenda nyeusi na nyeupe, kazi inakwenda haraka na sakafu ya bafu zima inajaa. Syria ni hadithi za miungu, zimezungushiwa fremu, usimame mbele kama unatazama picha ukutani. Huku kwetu mwenye nyumba alitaka anachokijua: chui wa kupiganishwa uwanjani, mavuno, samaki wa bahari yake. Na rangi tele, maana mawe tunayo."

Sufyan anakohoa. "Bi Mannubia, watalii wanataka Kirumi."

"Na waliolaza hizi za kwetu walikuwa nani, Wachina?"

Anamwaga maji ya uvuguvugu na kuvuta kitambaa polepole. Mkizi anatokea, kisha pweza, ngisi na mkunga, yule samaki kama nyoka, kwa manjano, waridi na kijani cha mawe ya nchi hii. Ni kazi nzuri, na anayeitazama bila kusisimka ana lake jambo.

Sufyan anainamisha kichwa huku na huku. "Hawa wawili wamelala chali. Na pweza yuko kichwa chini. Mmekosea kubandika."

Mmoja wa wanawake anaanza kufuta mikono kwenye aproni, kama aliyekwisha kuachishwa kazi.

"Sijakosea," anasema Mannubia.

Kabla hajaendelea, mama yake Sufyan, Hajjat Shalbia, anavua viatu. Amefuatana na mwanawe kwa matembezi tu. Miaka arobaini aliuza samaki soko la Mahdia.

Anaanza kuuzunguka ubao. "Mkizi. Mnene, wa mwezi wa tisa huyu." Anahama upande. "Pweza. Mmempondaponda au bado? Asipopondwa huyo ni mpira." Anahama tena, anarudisha mguu. "We! Mkunga! Huyu anauma!"

Anamaliza mzunguko, anamgeukia mwanawe. "Wewe umeganda hapo kama nguzo, halafu unasema samaki wamekosea. Zunguka, mwanangu!"

Sufyan anazunguka, mara ya kwanza kwa haraka, ya pili polepole.

"Ukumbi wako una milango minne," Mannubia anamwambia. "Ukitaka picha ya upande mmoja, wageni wa milango mitatu wataiona kichwa chini au imelala ubavu. Hii haina juu wala chini. Kila mlango una samaki wake."

"Na farasi wangu?"

"Umewahi kumvua?" anauliza Hajjat.

Wanawake wanashindwa kuzuia kicheko. Sufyan anaweka simu mfukoni. "Anzeni," anasema, na yule mwanamke mwenye aproni analia waziwazi.

Kazi itachukua miezi tisa. Mannubia atachukua wasichana wawili wa kufunza, na ombi lake ni moja.

"Siku moja mtu atachimba pale Mahdia. Nyumba imekwisha, nasi tumekwisha. Apanguse vumbi, awaone hao samaki, asihitaji kumwuliza mtu sakafu hii ni ya wapi."