Mama Chokaa na mnara wa wapagazi

Saa kumi na moja alfajiri, magari hayajaanza kugombania barabara, mama mmoja aliyevaa koti la wafagiaji anachovya brashi kwenye ndoo ya chokaa. Mbele yake kuna mnara wa mawe, kimo cha mtu mzima, umebanwa kati ya nguzo ya umeme na rundo la kokoto. Umechorwa alama kubwa ya X kwa rangi nyekundu. Anaipaka chokaa mpaka inapotea.

Mchana wapima barabara wataichora tena. Ndivyo wanavyoishi, yeye na wao, tangu itangazwe kwamba barabara itapanuliwa.

"Wao wana rangi, mimi nina chokaa," anasema. "Tutaona nani ataishiwa kwanza."

Wenye vibanda vya kituo hiki cha basi wamempachika jina la Mama Chokaa. Mnara ni wa kumbukumbu ya vita vya zamani, na kusema kweli hakuna aliyeujali. Watu waliuegemea wakisubiri basi, wengine walianika nguo juu yake, na wasio na haya walijisaidia nyuma yake. Hata yeye aliufagia tu kama anavyofagia kituo.

Siku alipoiona ile X mara ya kwanza, hasira zilimpanda. Alichukua chokaa iliyobaki baada ya kupaka mawe ya ukingo wa barabara, akaupaka mnara wote, maandishi na yote. Ilipokauka, herufi zikawa zimezibwa. Anacheka akikumbuka: aliwazika marehemu mara ya pili. Ikabidi achukue spoku ya baiskeli akwangue herufi moja moja, na hapo ndipo aliposoma mpaka chini. Juu kuna majina ya maofisa na vyeo vyao. Mstari wa mwisho unasema: "Na wapagazi wao."

Babu yake alikuwa mpagazi. Alichukuliwa shambani, akatwishwa sanduku la risasi, hakurudi. Bibi alimsubiri mpaka naye akafa, bila kuonyeshwa hata tuta la kaburi. Kwa Mama Chokaa, kaburi ni hilo hapo barabarani.

Mhandisi wa mradi, kijana mpole, alimweleza kwamba mnara utapelekwa bohari ya halmashauri ukatunzwe. Mama akamuuliza ile saa kubwa ya sokoni, iliyopelekwa huko huko ikatunzwe, iko wapi siku hizi. Kijana akarudi kwenye vipimo vyake.

Msimamizi wa wafagiaji naye ameshamwonya: akiugusa tena mnara, kazi hana. Kazi hiyo ndiyo inayolipa kodi ya chumba na kulisha wajukuu. Binti yake amemsihi aache, maana jiwe haliliwi.

"Nikamwambia, mwanangu, kaburi nalo haliliwi, lakini umeona nani analitupa?"

Mashine zinatarajiwa Jumatatu. Jumapili alasiri, fundi wa kuchonga mawe ya makaburi amekubali kuja na patasi yake. Chini ya mstari ule wa mwisho atachonga jina kamili la babu. Muuza matunda wa kibanda cha jirani, ambaye babu yake pia alimezwa na vita hivyo, ameomba jina la huyo babu lifuate.

Akiulizwa kuhusu kibali, Mama Chokaa anakunja uso.

"Walipomchukua babu walimwomba nani kibali? Waje Jumatatu. 'Wapagazi wao' ni rahisi kuwavunja. Nataka nimwone atakayelivunja jina la mtu huku analisoma."