Kidevu cha Niyonsaba

Mwaka 1972, kule Burundi, askari walimpakia baba yake Niyonsaba kwenye lori, na hakuonekana tena. Niyonsaba na mama yake, Esteri, wakavuka mpaka kwa miguu, wakapokewa katika kijiji kimoja cha Kibondo. Kwao mwanamume aliyefiwa hanyoi ndevu mpaka matanga yaishe, na wao, bila maiti wala habari, hata kuyaanza wasingeweza.

"Usiziguse hizo ndevu," Esteri alimwambia, "mpaka tusikie habari za baba yako."

Habari hazikuja. Ndevu zikajaa.

Baada ya miaka mitatu alipata nafasi katika chuo cha wachungaji, Kasulu. Hata hajazoea kitanda, mkuu wa chuo, Mchungaji Nestori, akamwita ofisini.

"Hapa hatufugi ndevu, kijana. Mtumishi wa Mungu awe nadhifu."

"Mchungaji, huu ni msiba. Baba yangu hatujui aliko."

"Mkristo huomboleza moyoni. Nyoa, au funga mzigo wako."

Ukutani ilining'inia picha ya mmisionari aliyekijenga chuo, ndevu zimemfika kifuani. Niyonsaba aliitazama. Akaenda nyuma ya bweni, akanyoa kwa maji baridi na wembe wa kuazima.

Likizo ilipofika alirudi nyumbani. Esteri alikuwa shambani akipalilia maharage. Alipouona uso wa mwanawe, jembe likamponyoka. Alipiga yowe, akajitupa chini akilitaja jina la mumewe, na majirani wakaja mbio, wakaketi kulia naye.

"Mama, hapana!" Niyonsaba alimshika mabega. "Hakuna habari yoyote. Ni sheria ya chuo tu."

Kilio kikakatika. Majirani wakaondoka mmoja mmoja, wakikwepa kumtazama.

"*Mwana wanje*," mama yake alisema, yaani mwanangu, kwa sauti iliyokauka, "umenifanya nimlilie mume wangu kama maiti, naye labda yu hai."

Hakumsemesha tena mpaka likizo ikaisha.

Niyonsaba alimaliza masomo mwaka 1978. Esteri alikuja kwenye mahafali, akakaa benchi la nyuma kabisa. Mkuu mpya alitangaza, huku akicheka, kwamba sheria ya ndevu imefutwa. Haikuwa na maana kubwa, alisema, ilikuwa mazoea tu. Watu wakapiga makofi.

Niyonsaba aligeuka kumtafuta mama yake. Benchi lilikuwa tupu.