Drafti Lenye Risasi

Naona aibu kuisimulia hii hata leo nilivyojaa mvi, lakini ukweli ni kwamba Tluway aliponiambia, "Fundi, kaa hapa tucheze mara moja tu," nilipaswa kukataa na kurudi zangu kwenye cherehani. Nikakaa.

Tluway alikuwa mwashi, Mwiraqw wa hapa hapa Karatu, na kwa miaka mingi kila jioni tulicheza drafti kwa vizibo vya soda kwenye baraza yangu (mara nyingi nikimfunga, naye hakuwahi kununa). Sikuwa na rafiki mwingine. Kisha Elibariki, kijana wa Machame mwenye ukumbi wa video karibu na stendi, akaleta gemu kutoka Arusha, na jioni za rafiki yangu zikahamia kule. Niliona wivu, nakiri, mtu mzima mimi, nikawa napita mbele ya ukumbi na suruali mkononi kana kwamba nampelekea mteja, kumbe nasikiliza tu kama Tluway anacheka.

Siku hiyo ilikuwa ya mnada, ukumbi umejaa hadi mlangoni, na mle ndani Tluway wanamwita Jenerali. Elibariki akanieleza upesi: kwenye kioo kuna miraba kama ya drafti, una askari na vifaru, unasogeza kimoja kisha unamngoja mwenzako. Nikajisemea, nikimfunga hapa atarudi barazani. (Alieleza pia habari za kitufe chekundu, lakini sikusikia, nilikuwa natazama alivyomshika Tluway bega.)

Nikasogeza kifaru changu hadi juu ya askari wake, nikaweka kile kidude cha kuchezea mapajani, nikakunja mikono. "Nimekula," nikasema. Kwenye drafti ukila umekula. Kumbe kwenye gemu ile wawili wakikutana miraba inapotea, wanabaki wao tu uwanjani, na ni lazima wapigane risasi palepale, basi askari mmoja wa Tluway akakizunguka kifaru changu akikitwanga, mimi nimekunja mikono, mpaka kikalipuka.

"Umekula nini, Fundi?" mtu akauliza nyuma. "Moshi?"

Wakacheka wote. Tluway naye akacheka, amemwegemea Elibariki. "Bonyeza, Fundi, hapa hakuna kungoja."

Askari wetu walipokutana tena nikabonyeza kila kitu, nikawa nazikwepa zile risasi kwa mwili mzima, kushoto, kulia, nikamkanyaga mama mmoja aliyetoka kuuza vitunguu mnadani, mwisho nikaruka nyuma, waya ukavuta mashine kutoka mezani, ikaanguka sakafuni, na kioo kikawa cheusi.

"Taratibu basi, mzee wangu," Elibariki akasema, huku akiniokotea kofia. Upole wake ndio ulionichoma zaidi.

"Msameheni," Tluway akasema kwa utani, "huyu ni mtu wa sekondari, vidole vyake vimezoea kalamu."

Ningeomba radhi, yangeishia hapo. Badala yake nikasema, mbele ya umati ule, "Afadhali mimi. Jenerali wenu hajui kusoma hata jina lake. Barua za mwanawe namsomea mimi, na kile kitabu cha nyimbo kanisani anakishika tu."

Hakuna aliyecheka. Tluway alikuwa mzee wa kanisa, na siri ile alikuwa ameniambia mimi peke yangu. Akaweka kidude chake chini, akasema, "Haya, Fundi," akatoka.

Nilikwenda kwake mara tatu kumwomba msamaha. Mkewe alinipa chai, yeye hakutoka chumbani. Uzee wa kanisa akauacha mwenyewe, na barua akawa anasomewa na Elibariki, jambo ambalo (Mungu anisamehe) niliendelea kulionea wivu. Alipofariki nilipata habari sokoni, siku mbili baada ya maziko. Nimeapa kutoshindana tena na mtu kwa sababu ya wivu, ila kiapo kimechelewa. Kukaa kwenye kiti kile kulinipotezea rafiki pekee niliyekuwa naye, na aliyemfukuza ni mimi, si gemu wala Elibariki.